Mtoto Ataka Mbio za Magari, na Fedha ni Kidogo

Watoto wetu wote wamekuwa madereva kabla ya kujua kusoma. Mmoja huunda gari la waya, mwingine huchonga magurudumu ya mti, mwingine husukuma tairi kuukuu kwa kijiti njia nzima ya kwenda kisimani, na mdomo wake ndio injini. Mchezo huo haugharimu hata senti moja. Lakini huko Marekani mtoto wa miaka 8 aweza kuketi ndani ya gari la kweli, lenye injini ya kweli, akashindana na mwenzake mbele ya wazazi na waamuzi. Na kwa kuwa siku hizi familia nyingi zina mtoto au ndugu aliyehamia huko, si ajabu siku moja ukapigiwa simu na kuambiwa: "Baba, mjukuu wako ataka kuanza mbio za magari, nasi fedha hatuna. Wasemaje?" Basi yafaa ulijue jambo lenyewe kabla hujajibu.

Mbio hizi si za kukata pori na matope kama Safari Rally ya Kenya, wala si za kuzunguka uwanja. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, nayo huondoka kwa mstari mnyoofu mpaka mwisho. Watu wazima kwa desturi hukimbia robo maili. Watoto hukimbia nusu ya hiyo, yaani futi 660, kama mita 200. Ni sekunde chache tu. Ukipiga chafya umekosa mchezo wote.

Zamani vijana wa California walishindana hivyo katika barabara za watu na juu ya maziwa yaliyokauka. Mwaka 1951 bwana mmoja, Wally Parks, alianzisha chama cha National Hot Rod Association, kwa kifupi NHRA, ili vijana waache barabara na kukimbia mahali penye sheria. Mwaka 1992, katika uwanja wa Englishtown, jimbo la New Jersey, yakatolewa magari madogo ya watoto, nusu ya ukubwa wa yale ya watu wazima. Uwanja wa Englishtown wenyewe uliacha mbio hizo mwaka 2018, lakini magari ya watoto yalikuwa yamekwisha enea nchi nzima, hata nje ya Marekani.

Gari la mtoto ni jembamba na refu kama mtumbwi. Mtoto huketi katikati, ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma, na injini iko nyuma ya mgongo wake. Injini za kwanza zilikuwa za silinda moja, zenye nguvu za farasi 5, ndugu wa zile za mashine za kukatia majani. Leo zipo zenye nguvu zaidi, na hapo ndipo fedha za wazazi hupotelea, kama tutakavyoona.

Sheria huwawekea watoto mipaka kwa umri wao. Mwenye miaka 5 hukimbia peke yake, polepole, ili kujifunza tu. Wa miaka 6 hata 9 hawaruhusiwi kumaliza chini ya sekunde 11.90. Wa miaka 10 hata 12, sekunde 8.90. Wa miaka 13 hata 17, sekunde 7.90, na mwendo usipite maili 85 kwa saa, yaani kama kilometa 137. Hebu uone, basi ya abiria haina ruhusa ya mwendo huo.

GARI LA POLEPOLE LASHINDA

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye faraja kwa mzazi mwenye fedha kidogo. Wengi hudhani kwamba katika mbio mwenye gari kali ndiye mshindi, na kwamba mwenye gari kali ni mwenye fedha. Katika mbio hizi za watoto mambo sivyo yalivyo.

Kabla ya kukimbia, kila mtoto huandika juu ya gari lake sekunde anazodhani atatumia. Tuseme wa kwanza ana gari la kawaida, ameandika 10.60. Wa pili ana gari la gharama, ameandika 9.10. Tofauti yao ni sekunde moja na nusu. Basi taa ya yule wa polepole humwakia kijani sekunde moja na nusu mapema. Wote wawili wakifanya sawasawa na walivyoandika, na wote wakiondoka kwa wepesi uleule mara waonapo taa, watafika mwisho pamoja, pua kwa pua.

Je, mmoja akiandika uongo ili apewe nafasi kubwa ya mbele? Hilo nalo limefikiriwa. Mtoto akifika kwa sekunde chache kuliko alizoandika, amekosa. Aliyeandika 9.10 akafanya 9.05, mwenzake aliyeandika 10.60 akafanya 10.64, mshindi ni huyu wa pili, ingawa gari lake ni kobe mbele ya lile jingine. Wakikosa wote wawili kwa namna hiyo, aliyekosa kwa kadiri ndogo ndiye mshindi. Na anayeondoka kabla ya taa ya kijani huwakiwa nyekundu, naye ameshindwa papo hapo.

Basi yatakiwa mambo mawili: jicho jepesi la mtoto kwenye taa, na gari lisilobadilika, linalofanya leo lilivyofanya jana. Jicho jepesi haliuzwi dukani. Na gari lisilobadilika mara nyingi ni lile lenye injini ya kawaida, isiyokazwa kupita kiasi. Injini iliyoongezwa nguvu kwa fedha nyingi hufanya 9.10 asubuhi, 9.25 mchana wa joto, na jioni huvunjika.

Kwa hiyo chombo chenye faida kuliko vyote ni daftari la shule na kalamu. Kila mbio iandikwe: saa ngapi, joto au baridi, upepo ulitoka wapi, tairi zilijazwa kiasi gani, mtoto alitumia sekunde ngapi. Hewa ya joto ni nyepesi, injini huvuta pumzi hafifu, gari huchelewa. Baada ya siku nne tano za mbio mtoto atasoma daftari lake na kusema, "Leo jua kali, niandike 10.66." Hesabu ya desimali aliyoikimbia darasani ataifanya hapa bila kiboko.

FEDHA ZIENDE WAPI

Gari jipya lililokamilika hupita dola elfu 10. Mzazi mwenye kipato kidogo asiliangalie hata kidogo. Watoto hukua, na mtoto akishakua gari humbana kama kiatu cha mwaka jana. Ndiyo maana kila mwaka magari mengi yaliyotumika huuzwa kwa chini ya nusu ya bei hiyo, na mara nyingi pamoja na vipuri. Mwenye kununua achague kizimba kinachomzidi mtoto kidogo, apunguze nafasi kwa mito ya kiti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na gari litamfaa miaka kadhaa. Akilitunza, naye ataliuza kwa mwingine. Hasara yake itakuwa ndogo.

Lakini alikague. Aangalie kila mahali mabomba yalipounganishwa kwa moto. Ufa mwembamba kama unywele watosha kuliacha gari hilo. Ajaribu breki, akague mnyororo na klachi. Akiona bomba limepindwa kisha likapakwa rangi mpya, aage kwa heshima aende zake. Injini iliyochoka si neno, hutengenezwa. Kizimba kibovu hakina dawa.

Vitu vya kumkinga mtoto ni jambo jingine kabisa. Kofia ngumu inayofunika uso wote, mkanda wa shingo, koti lisiloshika moto upesi, glavu, mikanda ya kumfunga kitini penye ncha tano, na kamba za kuzuia mikono isitoke nje gari likipinduka: hivi havipunguziwi. Kofia inunuliwe mpya, kwa sababu iliyowahi kuanguka yaweza kuwa na ufa wa ndani usioonekana. Mikanda nayo ina tarehe iliyoandikwa juu yake. Ikipita, wakaguzi hukataa, nao wana haki. Kama fedha zinatosha kwa kofia nzuri au injini nzuri, wala si kwa zote mbili, hapo hapana shauri la kukaliwa baraza.

Liko pia jambo la mafuta. Mengi ya magari haya hutumia methanoli, spiriti ileile ambayo watu wabaya wakiichanganya katika pombe huwapofusha na kuwaua wanywaji. Moto wake mchana hauonekani vizuri kwa macho. Isiwekwe jikoni, isitiwe katika chupa ya soda, na mdogo wake dereva asiikaribie.

Usidhani nayasema haya kwa kutia chumvi. Mwezi wa Novemba 2017, katika mji wa Perth, Australia, msichana aliyekuwa ametimiza miaka 8 siku chache tu alikufa baada ya gari lake la mbio za watoto kugonga ukuta wa zege. Hakuwa akishindana na mtu. Alikuwa peke yake uwanjani, akifanya majaribio. Mbio za watoto zikasimamishwa huko kwa muda. Msiba kama huo ni nadra katika michezo hii, lakini mzazi anayetia sahihi karatasi ya ruhusa na ajue ni ruhusa ya nini. Kama mama wa mtoto amesema hapana, baba asiende kutia sahihi kwa siri.

NANI ATAKAYE MBIO?

Yako maswali ya kumwuliza huyo aliyekupigia simu, na la kwanza ni hili: ni mtoto atakaye, au ni baba yake? Erica Enders wa Texas alianza mbio hizi za watoto mwaka 1992, akiwa na miaka 8. Baba yake naye alikuwa mwendeshaji wa mbio. Msichana huyo alikua akawa bingwa wa taifa mara 6 katika magari ya namna ya Pro Stock, akiwashinda wanaume waliozeeka katika kazi hiyo, na mwaka 2003 wakatoa sinema juu yake na mdogo wake. Watu huisimulia habari hiyo sana. Lakini kwa kila mmoja wa namna hiyo wako maelfu waliokimbia miaka michache, wakafurahi, wakaacha wakaenda kusoma. Mwenye kukopa fedha kwa tumaini la kumpata bingwa amecheza kamari.

Tena mkubwa mwenye tamaa aweza kumharibu mtoto. Uko mchezo mwingine wa zamani wa Marekani, wa magari yasiyo na injini yanayoteremka mlima, ambao ulianza mwaka 1934 na tangu 1935 mashindano yake makuu hufanywa Akron, Ohio. Mwaka 1973 mshindi alikuwa mvulana wa miaka 14 kutoka Colorado. Siku mbili baadaye wakagundua kwamba ndani ya pua ya gari lake mlikuwa na sumaku ya umeme. Bamba la chuma linalozuia magari mahali pa kuanzia lilipoanguka, sumaku iliivuta pua mbele. Mwenye kusaidia hila hiyo alikuwa mjomba wake, mtu msomi. Mvulana akanyang'anywa ushindi mbele ya taifa zima, kwa jambo ambalo mtu mzima ndiye aliyepaswa kumkataza.

Swali la pili: Jumapili itakuwaje? Mbio nyingi hufanywa mwisho wa juma, na uwanja waweza kuwa mwendo wa saa mbili tatu kutoka nyumbani. Na wapange tangu mwanzo, Misa saa ngapi na wapi, wasije wakaja kupangiwa na ratiba ya uwanja. Na katika hesabu zao watie petroli ya safari, chakula cha siku nzima, na ada ya kuingia. Hivi ndivyo humaliza mfuko polepole, wala si bei ya gari.

Kama mtoto amefikisha miaka 13, iko njia rahisi zaidi. Chama cha NHRA kimeweka mbio za vijana kwa magari ya kawaida, yale ya kwendea sokoni na kazini, na mtu mzima mwenye leseni akiketi kando ya kijana. Hapana gari la kununua. Na baba aliyeketi pale kando huona kwa macho yake kama mwanawe ana utulivu, au anakanyaga mafuta kama mwenye wazimu.

Kwa mdogo zaidi, wasinunue kitu chochote mwaka huu. Waende uwanjani mara mbili tatu kama watazamaji, wapite kule magari yanakotengenezwa, waseme tu kwamba wao ni wageni. Watu wa mbio hupenda kuulizwa. Mtoto ajitolee kusukuma gari la mwenzake kurudi kutoka mwisho wa njia, afute tairi, ashike daftari. Kazi hiyo ina jua, vumbi, na kungoja saa nzima kwa ajili ya sekunde kumi. Akirudi nyumbani amechoka na bado auliza, "Tutakwenda lini tena?", hapo ndipo baba yake aanze kutafuta kofia inayomtosha.