Joka la Mwiala Lastahili Riwaya

Mtoto wa gredi ya sita akiulizwa joka hukaa wapi, aghalabu atajibu kuwa hukaa Ulaya, katika ngome ya mawe, nalo hutema moto. Hivyo ndivyo alivyosoma. Yamkini mtoto huyo amezaliwa Bungoma, nchi yenye pango la Mwiala, ambamo masimulizi ya Wabukusu yanasema kwamba Mango alimvizia yabebe, nyoka mkubwa aliyekuwa akiangamiza watu, akamkata kichwa. Wasimulizi wengine huongeza kwamba kichwa kile kiliruka, kikauma mti, na majani yake yakapukutika papo hapo. Ushujaa huo ndio uliompa Mango haki ya kutahiriwa, na mpaka leo vijana wanaoingia jandoni, katika miaka ya shufwa, husindikizwa kwa wimbo unaohusishwa naye.

Kisa kama hicho sisi walimu hukifundisha kwa ukurasa mmoja na maswali matano ya ufahamu, kisha kengele ikalia.

Ndugu msomaji, utoke Bungoma upitie Webuye, Kamukuywa na Kiminini mpaka Kitale, kisha ushike njia ya Endebess kuelekea Mlima Elgon. Humo katika mbuga ya taifa mna pango la Kitum, lililopenya mlimani kiasi cha mita 200. Usiku ndovu huingia ndani ya giza totoro, wakipapasa njia kwa mikonga, wakachokoa kuta kwa pembe ili wapate chumvi. Mwandishi angebuni jambo hilo, wahakiki wangesema ametia chumvi kupita kiasi! Tena mapango ya mlima huo yamewahi kuwa makao ya watu pamoja na ng'ombe wao. Msafiri Joseph Thomson aliyaona mwaka 1883.

Wako watakaosema kwamba riwaya ya maajabu ni mtindo wa kigeni. Sikubaliani nao. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi inayoelea angani, na katika Adili na Nduguze akatuonyesha manyani wawili wanaopigwa kila usiku, kumbe ni ndugu wa yule anayewapiga. Karibu nasi zaidi yuko marehemu Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Cherangany, tuliyempoteza mwaka 2020. Katika Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, alimtoa Kongowea Tanga akamtafutisha babake mpaka Kitale. Wasomaji wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba mji wetu wa mahindi waweza kuwa mwisho wa safari ya shujaa. Hata hivyo, hiyo ni riwaya ya vijana wa sekondari, wala haina joka. Mtoto wa miaka 11 naye anataka yake, nene, yenye sura nyingi, ya kusomwa kwa taa baada ya wengine kulala.

Wazazi wengine huogopa kwamba majini na majoka ni ushirikina. Hofu hiyo naiheshimu, lakini watoto wao hao hao hutazama majoka ya kigeni kwenye televisheni bila kukatazwa. Tatizo la soko ni kubwa zaidi: mchapishaji hutegemea kitabu cha kiada, ambacho tangu mwaka 2018 serikali hukinunua na kukipeleka shuleni, hali kitabu cha hadithi humngoja mzazi aliyekwisha kuishiwa.

Ila kizuizi kinachoniuma ni kalamu yetu nyekundu. Enzi za KCPE, mtihani uliokoma mwaka 2023, tuliwakaririsha watoto methali ya kuanzia insha na tashbihi za kupamba aya, na aliyeandika kwamba mto ulimsemesha tulimwandikia pembeni, "Haiwezekani." Mtihani umekwenda zake; mazoea tumebaki nayo. Huyo aliyesemeshwa na mto ndiye angekuja kutuandikia riwaya.

Mwalimu wa Kimilili au Kiminini aweza kuanza Ijumaa hii. Awaambie wanafunzi wamtoe Mwiala msichana wa miaka 12, wamvushe Mto Nzoia, wamfikishe Kitum kabla ndovu hawajaingia. Asiwape methali ya kuanzia. Akusanye madaftari, ayasome yote, na kalamu nyekundu aiache ofisini.