Gharama ya Ushanga Hadi Nduguti
Sehemu ya Pili: Fedha Zinaliwa Wapi?

Juma lililopita tulitazama ushanga wenyewe, na kwa nini mafundi huupenda ule wa Jablonec nad Nisou, Jamhuri ya Cheki, au wa Hiroshima, Japani, kuliko wa Kichina wa bei nafuu: punje zake zinalingana. Leo tufuate fedha. Anayetunga mikufu Nduguti, wilayani Mkalama, huona kwenye simu bei ya ushanga iliyo sawa na bei ya kuku. Mzigo ukishamfikia mkononi, amelipa bei ya mbuzi. Tofauti hiyo imeliwa na nani?

Njia yenyewe ni kongwe. Kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Mkalama, ushanga uliingia bara mabegani mwa wapagazi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliandika jinsi ulivyohesabiwa kwa kete na fundo, kete kumi zikifanya fundo moja. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871, ilimbidi kwanza afundishwe kuchagua. Unyamwezi walitaka mwekundu. Mweusi ulipita Ugogo, lakini kwingineko haukuwa na thamani. Msafiri aliyekosea rangi alibeba magunia ya bure. Na akifika Ugogo, kusini mwa Singida ya leo, watemi walimtoza hongo kabla ya kumruhusu apite, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo bei ya ushanga ilipandishwa na mchukuzi, na mwenye njia, na kosa la mnunuzi mwenyewe. Wote watatu tunao hadi leo.

Mchukuzi wa leo ni ndege, na hapo ndipo wengi wetu hatuelewi hesabu. Kampuni za vifurushi vya haraka hazitozi kwa uzito wa mizani peke yake. Hupima kasha urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawa kwa 5,000. Jibu huitwa kilo. Kasha la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 linatoa kilo 7.2. Ukijaza nyuzi za sufi zenye uzito wa kilo tatu tu, bado unalipia 7.2, yaani unalipia hewa. Ushanga wa kioo hauna shida hiyo, kwani ni mzito. Wenyewe unalipiwa uzito wake halisi. Shida yake ni nyingine: kila mzigo una gharama ambazo hazipungui hata ukiagiza kidogo, kama vile kuufungua, kuuandikia nyaraka, kuupitisha forodhani na kumlipa wakala. Anayeagiza robo kilo na anayeagiza kilo ishirini hujaziwa fomu zilezile. Mdogo ndiye anayelipa ghali zaidi kwa kila punje, na hakuna aliyekusudia kumwonea.

Sasa mwenye njia. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 ukiwa na viwango vitatu: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, na 25 kwa zilizokamilika. Julai 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35. Tuseme umeleta vifaa kwa meli, na thamani yake pamoja na nauli na bima ni shilingi 200,000. Vikiwekwa kwenye asilimia 25, ushuru ni 50,000. Kisha inakuja VAT ya asilimia 18, nayo haikatwi kwenye 200,000 bali kwenye 250,000, maana kodi hii hutozwa juu ya ushuru pia: 45,000. Jumla 95,000, karibu nusu ya thamani ya mzigo. Vikiwekwa kwenye asilimia 10, jumla ni 59,600. Sijagusa tozo ya reli wala ada za forodha.

Ndiyo maana namba ya bidhaa kwenye kitabu cha ushuru si jambo la makarani peke yao. Ushanga wa kioo una namba 7018, katika sura ya vioo. Uzi wa pamba uko sura ya 52. Mzigo mchanganyiko ulioandikwa kwa neno moja tu, "mapambo", unamwachia ofisa wa forodha kazi ya kukisia, na makisio hayo hayawi na huruma. Mwambie muuzaji aorodheshe kila kitu na bei yake.

Kuna uonevu mmoja ambao mimi nauona ni wa kweli. Kiwanda kilichosajiliwa VAT hurudishiwa kodi iliyolipwa kwenye malighafi. Tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mama anayetunga hereni Nduguti hafiki huko hata kwa ndoto, basi ile asilimia 18 inabaki shingoni mwake. Kwake ushanga ni malighafi. Kwa sheria ya kodi, yeye ni mlaji wa mwisho.

Wengine hukimbilia Nairobi, wakiamini kwamba ndani ya Jumuiya hakuna ushuru. Msamaha huo ni wa bidhaa zilizotengenezwa katika nchi wanachama. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000, mfanyabiashara mdogo anaweza kupata cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani, lakini ushanga wa Kicheki haugeuki kuwa wa Kenya kwa kukaa dukani Nairobi. Namanga unaweza kudaiwa ushuru upya.

Kinachobaki ni kuagiza pamoja. Mafundi kumi wakiunganisha oda, zile gharama zisizopungua zinagawanywa kwa kumi. Wafanyabiashara wa Kariakoo hufanya hivyo siku zote kupitia mawakala wanaokusanya mizigo ya watu wengi Guangzhou na kutoza kwa kilo kwenye ndege au kwa mita za ujazo kwenye meli. Mkalama tunaweza kuanza na vikundi vya kukopeshana. Mkopo wa halmashauri, ule wa mafungu ya asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, unafaa kwa kazi hii kuliko kununua cherehani ya tano isiyo na vitambaa. Kutoka Dar es Salaam mzigo hupanda basi hadi Singida, takriban kilomita 700, kisha Iguguno na Nduguti. Kipande hicho ndicho cha bei nafuu kuliko vyote.

Lakini kabla ya kukusanya michango, kikundi kikubaliane saizi. Namba za ushanga huenda kinyume: 11/0 ni mdogo kuliko 8/0. Aliyekosea hawezi kuurudisha, maana nauli ya kurudi inazidi bei ya mzigo. Juma lijalo nitaeleza jinsi ya kuandika oda ya kikundi, na nani ashike risiti.