Kutu Kwanza, Rangi Baadaye

Gari la familia aina ya Peugeot 504, lililotoka mwaka 1970, lina safu tatu za viti, na springi nne nyuma za kuhimili mizigo. Nilipolinunua langu kuukuu, nilidanganywa na rangi. Siku moja mwanangu aliyeketi nyuma akasema, "Baba, naiona barabara!"

Tangu hapo kanuni yangu ni hii: ondoa mazulia, uchokoe sakafu kwa bisibisi. Penye kutu pakatwe mpaka kwenye bati zima, kisha pachomelewe bati jipya. Puti haibebi mtoto. Kabla ya kuchomelea, ondoa betri na tangi la petroli. Rangi ije mwisho, usalama ukiisha kupatikana.