Kijidudu cha Tumbo: Nani Anacho, Nani Atibiwe?

Leo, kina mama na walezi, tuzungumzie kijidudu cha tumbo kinachoandikwa H. pylori kwenye karatasi ya maabara.

Hapa Afrika, watafiti wamekadiria kwamba takriban watu 7 kati ya 10 wanacho. Wengi hukipata utotoni, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumbani mwao. Kwa hivyo mkipimwa leo wewe na majirani unaochota maji nao, usishangae wengi wenu mkipatikana nacho. Lakini kati ya watu 10 walio nacho, ni mmoja au wawili tu wanaopata vidonda vya tumbo maishani.

Kwa wagonjwa hali ni tofauti. Kwa miaka mingi, karibu wote wenye kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba wamepatikana nacho. Wenye kidonda ndani ya tumbo lenyewe ni wachache kidogo, kwa maana wengine wameumizwa na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, zile tunazomeza kila siku kwa ajili ya mgongo. Hawa wenye vidonda, kijidudu kikipatikana, watibiwe, na dawa zimalizwe zote hata maumivu yakiisha mapema.

Sasa tuje kwa mtoto. Analia tumbo, anatolewa damu, jibu linasema kijidudu kipo, na mama anauziwa dawa za wiki mbili kwa pesa za karo. Mama, ngoja kwanza! Kipimo cha damu huendelea kuonyesha kijidudu hata kikiwa kimeshaisha. Kipimo cha choo ni bora zaidi. Tena madaktari wa watoto hawashauri mtoto apimwe kwa sababu ya maumivu ya tumbo peke yake. Uliza kwanza kuhusu minyoo, na kama anapata choo kigumu. Mweleze daktari pia ikiwa alimeza antibiotiki mwezi uliopita, kwani kijidudu huweza kujificha kipimo kisikione.

Lakini akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akikonda, au upungufu wa damu ukikataa kupona hata baada ya dawa za kuongeza damu, usikae nyumbani ukingoja. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.