Vitunguu vya Ikungi na Mafuta ya Makonyo Yetu



Katika kikao kilichopita mwenzetu mmoja aliuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Ikiwa mafuta ya karafuu yauwa ukungu, mbona hatuwauzii wakulima wa vitunguu wa Ikungi, mkoani Singida, wakaachana na dawa za viwandani? Tumelichungua, na jawabu si tamu kama tulivyotaraji.

Moja katika maradhi mabaya ya kitunguu ni kuoza kitako. Ncha za majani hugeuka manjano, mizizi huoza, na chini huota utando mweupe. Kitunguu kingine huvunwa kizima kikaja kuozea ghalani. Ukungu wake, Fusari, hukaa udongoni miaka mingi, na dawa inyunyiziwayo majani haiufikii.

Mafuta ya makonyo, mfano wa yale ya kiwanda cha Wawi, Pemba, yana yujenoli nyingi, ndiyo iipayo karafuu ukali wake. Katika maabara huuzuia ukungu huo usikue. Lakini shamba si chupa. Yakizidi huunguza mmea. Nchi nyingine huyatumia kuulia magugu! Tena huruka upesi, na jua la Singida halina mzaha. Tukimwambia mkulima wa huko ayamwage shamba zima, tutamtia hasara mbili.

Lililo karibu naye zaidi ni ukungu mwingine, Trikoderma. Mwaka 1932 Weindling, huko Marekani, alionyesha kuwa huuzonga ukungu wenziwe na kuula. Huchanganywa na mboji na kutiwa udongoni kabla ya kupandikiza miche, kwani hukinga, hauponyi. Usichanganywe na dawa ya ukungu ya kiwandani, utakufa wenyewe. Na shamba lililokwisha kuoza lipandwe mtama au uwele miaka kama minne. Kwa mwenye eka moja tu, miaka minne bila kitunguu ni mingi mno, twajua.

Twajua kwa kuwa nasi yalitufika. Katika miaka ya 1950 Nutman na Roberts walibainisha kuwa kifo cha ghafla cha mikarafuu chatokana na ukungu, Valsa eugeniae. Wazee wetu walikuwa wameshapoteza mashamba.

Kwa hiyo Kamati haitaandika barua ya biashara Ikungi sasa. Kwanza tutayajaribu mafuta kwenye vitunguu vya ghalani, kidogo kidogo. Aliye tayari kutoa chupa moja na atuone ofisini.