Pikipiki ya Safari Ndefu: Tuulinde Mgongo wa Mwendeshaji

Katika parokia zetu za vijijini pikipiki si anasa. Ndiyo inayomfikisha katekista kwenye kigango cha mbali, muuguzi kwenye kliniki ya kina mama, na baba wa familia mnadani. Kanisa lilitambua umuhimu wa chombo cha safari zamani. Mwaka 1925 mmisionari Padre Otto Fuhrmann alifariki huko kusini-magharibi mwa Afrika kwa kukosa usafiri wa kumfikisha kwa daktari kwa wakati. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, alianzisha chama cha MIVA huko Ujerumani mwaka 1927 ili wamisionari wapate vyombo vya usafiri.

Lakini chombo hicho hicho kinachookoa maisha kinaweza kumlemaza polepole anayekiendesha. Wengi wetu tunamfahamu mtu aliyeendesha pikipiki miaka mingi kwenye barabara za vumbi, na leo akiinuka kitini anajishika kiuno. Mara nyingi husemwa kwamba ni uzee. Mara nyingi pia ni siti mbovu, shokapu zilizokufa na usukani usiolingana na mwili wake.

MWILI UNAUMIAJE?

Katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vinavyopunguza mishtuko. Gurudumu likiingia shimoni na shokapu zikashindwa kazi, pigo linapanda moja kwa moja kupitia siti hadi kwenye visahani hivyo. Mtikisiko wa injini nao hupita mikononi, ukaleta ganzi ya vidole. Siti nyembamba hubana mishipa ya fahamu ya sehemu za siri, na mtu hushuka akiwa na ganzi sehemu hizo. Upepo na jua hukausha maji mwilini bila mwendeshaji kuhisi kiu, na mtu aliyekaukiwa maji huchoka na kukosea njiani.

KUCHAGUA PIKIPIKI

Familia nyingi huuliza bei kwanza. Bei ni muhimu, lakini tunashauri atakayeiendesha aende mwenyewe dukani, aikalie kwa dakika kumi nzima, na kutazama mambo haya:

1. Miguu. Akiwa ameketi, nyayo zake zifike chini vizuri. Pikipiki ndefu kama Yamaha DT 125 hupita vizuri kwenye mawe na makorongo, lakini mtu mfupi mwenye mzigo huangushwa nayo anaposimama.

2. Magoti na mikono. Magoti yasikunjwe mno, na viwiko vikunjike kidogo. Akilazimika kuinama ili aufikie usukani, kiuno kitamuuma safarini.

3. Njia anayopita. Kwa lami na barabara nzuri ya changarawe, pikipiki kama Boxer, yenye siti ndefu na bapa, inatosha. Kwa shambani, Yamaha AG 100 ilipendwa sana na misioni na miradi ya kilimo kwa sababu cheni yake imefunikwa isiingie vumbi na ina keria mbele na nyuma.

4. Vipuri na fundi. Pikipiki nzuri ambayo shokapu zake hazipatikani wilayani itaendeshwa na shokapu mbovu.

Ukubwa wa injini usitudanganye. Pikipiki nzito huchosha mikono kwenye tope, na ikianguka mtu peke yake hawezi kuiinua bila kujiumiza.

KUIREKEBISHA IMFAE MWENYEWE

Hata pikipiki iliyokwisha kununuliwa inaweza kuboreshwa, na mengi ya marekebisho haya hayahitaji fedha nyingi.

Siti. Fundi wa viti anaweza kubadilisha sponji iliyolala. Chini aweke sponji ngumu, juu laini kiasi. Sponji laini tupu hupendeza dukani, lakini baada ya saa moja mtu huwa amekalia chuma. Siti isiteremke kuelekea tangi, na mshono usipite pale anapokalia. Ngozi ya kondoo juu yake hupitisha hewa na kupunguza jasho na michubuko.

Usukani. Ulegezwe na kuzungushwa hadi mabega yatulie. Mikono ya breki na klachi ielekezwe chini kidogo, ili kiganja na mkono viwe katika mstari mmoja. Kisha ukatishwe kulia na kushoto hadi mwisho, kuhakikisha waya hazivutiki.

Shokapu. Pikipiki nyingi zina mahali pa kukaza springi za nyuma. Zikazwe anapobeba mtu au mzigo, zilegezwe anapokuwa peke yake. Shokapu inayovuja mafuta ibadilishwe. Upepo wa tairi nao ufuate maelekezo ya kiwanda, kwani tairi lililojazwa mno hurudisha kila pigo mwilini.

Mizigo. Begi zito lisibebwe mgongoni, kwani uzito wake wote hukandamiza uti wa mgongo. Lifungwe kwenye keria, au yatengenezwe mabegi mawili ya turubai yanayoning'inia ubavuni, chini na karibu na siti, yasiguse bomba la moshi wala spoki.

Kioo cha upepo. Kwa anayesafiri mbali kwenye lami, kioo kifupi hupunguza msukumo wa upepo kifuani. Ukingo wake wa juu usifike machoni. Mwendeshaji atazame juu yake, kwa maana kioo chenye tope na mvua humpofusha.

Tunaonya: fremu isikatwe wala kuchomelewa ovyo, na vioo vya pembeni visiondolewe.

NJIANI

Kofia ngumu si ya kumwogopa askari. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2008 ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifo katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ivaliwe na abiria pia, na ifungwe chini ya kidevu. Kofia iliyokwisha kugonga chini katika ajali haifai tena, hata kama haionyeshi ufa.

Kila baada ya saa moja, mwendeshaji ashuke, anywe maji, anyooshe mgongo na kutembea dakika chache. Penye mashimo, apunguze mwendo, asimame kidogo juu ya pegi akiwa amekunja magoti, ili miguu ipokee pigo badala ya kiuno. Mama mjamzito asisafirishwe mbali kwa pikipiki kwenye barabara mbovu ikiwa kuna njia nyingine.

DALILI ZISIZOSUBIRI

Maumivu ya kawaida ya kiuno hupungua kwa muda, na kutembea taratibu husaidia kuliko kulala kutwa nzima. Lakini mtu aende kituo cha afya akiona maumivu yanashuka hadi chini ya goti, yanaendelea zaidi ya wiki sita, au vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi mara kwa mara.

Akipata ganzi ya ghafla kati ya mapaja, akishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikilegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapo mishipa ya fahamu inabanwa, na kuchelewa kunaweza kumwacha mlemavu. Vijana wengi huficha dalili hizi kwa aibu. Wazazi na wake, waulizeni bila kuwacheka.

Basi, kabla ya kuifungia safari pikipiki iliyopo nyumbani, baba, mama na kijana waitazame pamoja siti na shokapu zake. Bei ya sponji na shokapu ni ndogo kuliko ya kumuuguza mtegemezi wa nyumba aliyelala kitandani.