Tazameni Daftari Kabla ya Kutoa Fedha

Ndugu zangu, na khasa akina mama mnaoweka akiba kidogo kidogo ili watoto wapate pa kujisitiri: jamaa zetu wengi waliohamia Nairobi hutafuta nyumba Buruburu, Umoja, Kayole na Embakasi. Huko Marekani madalali huziweka nyumba zinazouzwa katika orodha ya pamoja, wenzao wakaziona. Kwetu kila dalali ana orodha yake, na nyumba moja huweza kunadiwa na watu watatu kwa bei tatu. Mnunuzi asijue ipi ya kweli, na mwenye mali asijue mali yake yatajwa kwa kiasi gani.

Basi tangazo ni mwito tu. Ushahidi umo katika daftari la ardhi. Mnamo Aprili 2021 Serikali ilizindua mfumo wa Ardhisasa, ukaanzia Nairobi. Kwa mfumo huo mtu huomba upekuzi rasmi, akajua mwenye milki ni nani na kama imewekwa rahani. Na tahadharini: huko Embakasi viwanja vingi vimeuzwa kwa vyeti vya hisa, na cheti cha hisa si hatimiliki.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandikiana deni na kushuhudisha tunapouziana. Kwa hiyo mama aliyetoa fedha zake katika nyumba, jina lake na liandikwe, kwani mali yake ni yake. Kufanya hivyo si kumshuku mume, bali ni kuwafungia warithi mlango wa ugomvi. Wallahu aalam.